Mtwara hadi Ho Chi Minh City kwa ndege: kilomita 10,200, siku kwa siku

Wiki moja kabla: uzi, kalamu na makaratasi

Uwanja wa ndege wa Mtwara uko nyuzi 10 na dakika 20 kusini mwa ikweta. Uwanja wa Tan Son Nhat, Ho Chi Minh City, uko nyuzi 10 na dakika 49 kaskazini. Ukiikunja ramani penye ikweta, miji hii miwili inakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, ila mmoja umesogea mashariki kwa nyuzi 66. Kwa watu wa korosho hiyo si jiografia ya darasani. Vietnam ni mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi, na wapo wanaofunga safari kutoka Kusini kwenda kuona viwanda kwa macho yao. Wote huanza na swali lilelile: ni mbali kiasi gani, na ni saa ngapi angani?

Chukua tufe la dunia, hata lile la shuleni, na uzi wa kushonea. Ukaze uzi kutoka Mtwara hadi Ho Chi Minh City. Utaukuta umeingia Bahari ya Hindi, umevuka ikweta karibu na visiwa vya kusini kabisa vya Maldives, umepita kusini mwa Sri Lanka na juu kidogo ya ncha ya Sumatra, kisha umekata shingo nyembamba ya Thailand. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote: takriban kilomita 7,700. Kadirio la haraka kwa ndege kubwa ya jeti ni kugawa kilomita kwa 850, halafu kuongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kutembea ardhini. Jibu ni saa 9 na nusu hivi.

Ndege ya njia hiyo haipo. Mtwara inatoka na ndege za kwenda Dar es Salaam, na Dar haina ndege ya moja kwa moja kwenda Vietnam. Lazima upite kwenye kituo cha kuunganishia, na safari hii inapita Doha. Hesabu inakuwa hivi: Mtwara–Dar 400, Dar–Doha 3,800, Doha–Ho Chi Minh City 6,000. Jumla kilomita 10,200. Kupanda kaskazini hadi Qatar kunakuongezea kilomita 2,500, karibu theluthi ya njia ya uzi. Ukipitia Dubai hesabu haitofautiani sana. Ukipitia Istanbul unapanda kaskazini mno kisha unateremka tena, na kilomita zinaongezeka kwa maelfu.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe asione taabu. Nyuzi moja ya duara la dunia ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo nyuzi moja ni kilomita 111. Kati ya viwanja vya Mtwara na Dar, tofauti ya latitudo ni nyuzi 3.46, sawa na kilomita 384. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 0.98. Hiyo inapunguzwa kidogo kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, inabaki kilomita 108. Fanya kanuni ya pembetatu mraba uliyofundishwa sekondari: kipeuo cha pili cha 384 kwa 384 jumlisha 108 kwa 108. Unapata 399. Kwa basi safari hiyohiyo inazidi kilomita 550, maana barabara inafuata Mingoyo, Lindi, Nangurukuru na Kibiti. Njia hii ya kalamu hutosha kwa safari fupi. Umbali ukikua, kosa nalo hukua, ndipo uzi na tufe vinapokuwa na maana.

Makaratasi. Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote tangu Agosti 15, 2023: hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja, dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Rasmi huchukua siku 3 za kazi, lakini usihesabu wikiendi wala sikukuu zao. Makosa yanayokwamisha watu ni madogo madogo. Jina la tatu lililoachwa wakati liko kwenye pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, mwezi ukakaa mahali pa siku. Uwanja wa kuingilia uliochaguliwa Hanoi kwa sababu ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Viza yenye jina lisilofanana na pasipoti inakataliwa Dar kaunta, kabla hata hujaonana na afisa wa Vietnam, kwa sababu shirika la ndege likikubeba ukarudishwa, gharama ya kukurudisha ni yake.

Kisha saa. Tiketi haijui saa ya Kiswahili. Inaanza kuhesabu katikati ya usiku. 17:40 ni saa 11:40 jioni, 23:20 ni saa 5:20 usiku, 02:10 ni saa 8:10 usiku. Kosa la saa peke yake hugundulika mapema, kwa sababu hakuna anayeamini ndege inaondoka saa isiyoeleweka. Kosa la tarehe ndilo linaloua safari. Tiketi ikiandikwa Jumatano 00:40, hiyo ni saa 6:40 usiku wa kuamkia Jumatano, na kaunta unatakiwa ufike Jumanne saa 3:40 usiku. Wanaokwenda Jumatano usiku hukuta ndege imeondoka usiku uliopita. Andika juu ya karatasi ya tiketi, kwa mkono: "uwanjani Jumanne jioni".

Mfano wa ratiba unaotumika hapa chini ni wa kawaida kwa njia hii. Dakika hubadilika msimu kwa msimu. Mpangilio haubadiliki sana.

Siku ya 1: Mtwara–Dar, kilomita 400

Saa 3:00 asubuhi uwe uwanjani kwa ndege ya saa 4:30. Uwanja uko kusini mwa mji. Kutoka Shangani au Chikongola weka dakika 20 hadi 25 kwa bajaji, kutoka Mikindani weka dakika 45. Kaunta za ndege za ndani kwa kawaida hufungwa kati ya dakika 45 na 30 kabla ya kuondoka, na hazifunguliwi tena kwa ajili ya mtu mmoja.

Kipande hiki ni asilimia 4 tu ya safari nzima, na ndicho kinachoharibu safari nyingi kuliko vyote. Sababu zinaeleweka. Ndege za Mtwara ni chache kwa siku, na nyingi ni pangaboi: ATR yenye viti 70 hivi au Dash 8 Q400 yenye viti 76. Ndege moja huamka Dar, ikaenda mji mwingine, ikarudi, ndipo ikaja Mtwara. Ikichelewa dakika 40 mahali pa kwanza, Mtwara inafikiwa na saa nzima na zaidi ya kuchelewa. Ikipata hitilafu, ndege ya kuchukua nafasi yake huenda haipo. Mvua za masika nazo hushusha mawingu hadi rubani anazunguka au anarudi alikotoka.

Usijidanganye kwamba basi ni akiba ya uhakika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi–Dar ilikatika eneo la Somanga, na magari yakakaa pande mbili yakitazamana. Mvua ileile inayozuia ndege ndiyo inayobeba makalavati.

Kwa hiyo ndege ya Mtwara inapandwa siku moja kabla ya ndege ya Doha. Msafiri mwenye haraka huona usiku mmoja wa Dar ni hasara. Ahesabu hivi: tiketi ya Mtwara na tiketi ya kimataifa mara nyingi ni karatasi mbili tofauti, za mashirika mawili tofauti. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Limekuandika kuwa hukutokea, na vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi, vinaweza kufutwa. Tiketi ikiwa moja, yenye namba moja ya uhifadhi kutoka mwanzo hadi mwisho, wajibu wa kukutafutia ndege nyingine ni wao. Hiyo ndiyo tofauti, na haionekani kwenye bei mpaka siku mambo yanapoharibika.

Mlangoni pa ndege, begi la magurudumu linalokubalika kwenye jeti halitaingia kwenye kabati la juu la ATR. Litachukuliwa chini ya ngazi na kuwekwa na mizigo mingine. Kabla hujalitoa mkononi, toa pasipoti, fedha, dawa na pawabenki. Betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi kwenye shehena. Ikishika moto kule hakuna wa kuiona. Kikomo cha kawaida cha kubeba bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, sawa na takriban mAh 27,000 kwa betri ya volti 3.7. Kwenye ATR abiria huingilia mlango wa nyuma, kwa hiyo aliyekaa nyuma ndiye anayetangulia kushuka.

Chagua dirisha la kushoto. Mstari wa moja kwa moja kwenda Dar unapita baharini sehemu kubwa, na pwani inabaki kushoto: ghuba ya Lindi, baadaye Kilwa, kisha delta ya Rufiji yenye mikoko na maji ya tope yanayoingia bahari. Kisiwa cha Mafia kiko kulia. ATR inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, Q400 inazidi 600. Kwa hesabu tupu ni dakika 48 au 38, lakini tiketi inaandika saa moja na dakika kadhaa. Tofauti hiyo haijapotea. Saa za tiketi huanza ndege inapoondoa magurudumu mahali ilipoegeshwa na kuishia inapoegeshwa tena, na safari ikiwa fupi, kupanda na kushuka ndiko kunakochukua sehemu kubwa.

Saa 5:35 asubuhi, Dar. Mzigo wako una lebo ya DAR, basi uchukue. Ndege za ndani na za kimataifa zinatumia majengo tofauti. Jengo la tatu, lililozinduliwa mwaka 2019, ndilo la kimataifa, na huendi huko kwa kupita ndani. Nyumba za wageni za Kipawa na Banana ziko karibu. Anayelala Kariakoo akumbuke foleni ya Barabara ya Nyerere jioni ya kesho, saa hizohizo anazohitaji kupita.

Siku ya 2: Dar–Doha, kilomita 3,800

Ndege saa 11:40 jioni, uwanjani saa 8:40 mchana. Saa tatu hizo zina kazi. Kaunta ya kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla, na kabla ya kaunta kuna ukaguzi wa mlangoni wenye foleni yake.

Kaunta, fanya mambo mawili. Kwanza soma lebo ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda: herufi za mwisho ziwe SGN. Hizo ndizo za Ho Chi Minh City, zimebaki kutoka jina la zamani, Saigon, lililobadilishwa mwaka 1976. Ukiona DOH, begi litaishia Doha. Pili, chukua kadi mbili za kupandia, ya Doha na ya mbele. Uzito nao usomwe vizuri: tiketi ikiandika 2PC ni vipande viwili, na kikomo ni cha kila kipande. Kilo 30 kwenye begi moja na 12 kwenye lingine zinatozwa, japo jumla ni ndogo kuliko kilo 46 za vipande viwili vya kilo 23.

Wenye sampuli za korosho ghafi wasizifiche katikati ya nguo. Mazao ya mimea yanatakiwa yaende na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kilichopo kwenye cheti kilingane na kilichopo kwenye begi. Kilo moja inatosha kwa kipimo cha mavuno ya kiini: ukipata gramu 270 za kiini kizuri kwenye kilo, ni kilo 21.6 kwa gunia la kilo 80, yaani ratili 47.6, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanzia.

Hesabu ya 850 inatoa saa 5 kwa kilomita 3,800, lakini tiketi inaandika saa 5 na dakika 40 hivi. Njia ya uzi inapita Somalia, Ghuba ya Aden na Yemen. Anga ya Yemen mashirika mengi huikwepa kwa sababu ya vita, kwa hiyo ndege inapinda. Ongeza dakika za kusubiri zamu ya kutua Doha, maana ndege za pande zote hufika kwa makundi ili abiria wabadilishane. Ukanda huu unaenda kaskazini, na upepo mkubwa wa juu huvuma kutoka magharibi. Unaipiga ndege ubavuni, kwa hiyo kwenda na kurudi havipishani sana.

Doha na Tanzania zinatumia saa zilezile. Usiguse saa yako: saa 5:20 usiku ya Doha ni saa 5:20 usiku ya Mtwara.

Usiku wa kuamkia siku ya 3: Doha

Una saa 2 na dakika 50. Chini ya saa moja na nusu ni kujitafutia presha, zaidi ya saa 6 ni kulala vitini. Uwanja wa Hamad una jengo moja la abiria, huchukui begi, hupiti uhamiaji. Unapita ukaguzi tena. Chupa ya maji uliyopewa ndani ya ndege itaachwa hapo. Vimiminika ni ml 100 kwa kila chupa. Halafu soma ubao wa matangazo mwenyewe. Namba ya mlango iliyoandikwa kwenye kadi yako Dar inaweza kuwa imebadilika, na matangazo ya sauti hayatolewi kwa kila ndege. Sanamu ya dubu mkubwa wa njano katikati ya jengo ni alama nzuri ya kukutania kama mko wengi. Hakikisha umeutazama mlango wako kabla ya kukaa kwenye duka la kahawa, kwa sababu mingine iko mwendo wa dakika 15 na zaidi.

Mambo ya kuunganisha ndege Ghuba yana hatari yake ya mara chache. Juni 23, 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa, ndege zikageuzwa njiani na abiria wakatawanyika viwanja vya nchi nyingine. Mwenye tiketi moja alikuwa na wa kumdai hoteli na ndege nyingine. Mwenye vipande vya kuunga alikuwa na simu tu.

Siku ya 3: Doha–Ho Chi Minh City, kilomita 6,000

Kuondoka saa 8:10 usiku, kufika saa 7:25 mchana. Kwenye tiketi ni 02:10 na 13:25, na wengi hutoa moja kwa nyingine wakapata saa 11 na robo. Saa zote za tiketi ni za mahali husika. Vietnam iko mbele yetu kwa saa 4, kwa hiyo toa 4: saa 7 na robo angani.

Kanuni ya 850 ingekupa zaidi ya saa 7 na nusu. Robo saa na ushee imeokolewa na upepo. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe inasafiri kwenda mashariki. Upepo wa kilomita 60 ukiwa mgongoni, ardhini unakwenda 960, na kilomita 6,000 zinachukua saa 6 na robo za mwendo wenyewe. Upepo huohuo ukiwa usoni unakwenda 840, saa 7 na dakika 9. Tofauti ya karibu saa nzima, injini zilezile. Kati ya Desemba na Februari mkondo huo wa juu huwa na nguvu zaidi juu ya Uarabuni na kaskazini mwa India.

Njia inakata Bahari ya Arabia, inaingia India upande wa Gujarat, inavuka katikati ya nchi, Ghuba ya Bengali, kisha Myanmar, Thailand na Kambodia. Kwenye Ghuba ya Bengali wakati wa kusi, yaani Juni hadi Septemba, tarajia mtikisiko; mkanda uwe umefungwa hata umelala. Hewa ya ndani ni kavu kuliko ya Mtwara siku yoyote ya mwaka. Kunywa maji kabla ya kiu, simama kila saa mbili, tembea hadi nyuma na urudi. Miguu iliyovimba ni ya kawaida. Mguu mmoja kuvimba na kuuma si kawaida, na huyo aende hospitali.

Siku ya pili na ya tatu zimemezana. Uliondoka Mtwara saa 4:30 asubuhi, umefika saa 7:25 mchana ya Vietnam ya siku ya tatu, ambayo Mtwara ni saa 3:25 asubuhi. Ni saa 47 kasoro dakika 5. Angani umekaa saa 14 tu: 1:05, 5:40 na 7:15. Kilichobaki ni vitanda, foleni na viti vya kusubiria, na hakuna programu ya kupima umbali itakayokuonyesha hizo.

Uhamiaji wa Tan Son Nhat: viza iwe imechapwa kwenye karatasi, anwani ya hoteli iwe imeandikwa, simu isitegemewe. Foleni yaweza kuzidi saa moja, kwa hiyo usimwambie mwenyeji wako akufuate muda wa kutua.

Siku ya 4: saa ya mwili

Mwili hujirekebisha takriban saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa sababu unalazimishwa kulala kabla usingizi haujafika. Saa 4 usiku ya Ho Chi Minh City ni saa 12 jioni ya Mtwara. Ndiyo kwanza watu wanaoga. Dawa ni mwanga wa asubuhi, kula kwa saa za wenyeji, na kutolala mchana zaidi ya nusu saa. Mkutano wa bei usipangwe leo. Wenye dawa za kila siku waamue mapema na daktari: kubaki na saa za nyumbani kwa safari fupi, au kusogeza hatua kwa hatua.

Kuhusu kibla, mtu wa Mtwara amezoea kaskazini, na kwa kweli Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mtwara, longitudo zinapishana kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi. Hapa kibla ni magharibi, ukiinamisha kaskazini kwa nyuzi 19 hivi.

Siku ya 5 hadi ya 8

Viwanda vingi vya korosho viko eneo la Bình Phước, kaskazini mwa jiji, ambalo tangu Julai 2025 limeunganishwa na mkoa wa Dong Nai. Ni mwendo wa gari, kilomita zaidi ya 100, na pikipiki barabarani zinafanya kilomita hizo ziwe ndefu. Siku mbili kabla ya kurudi, ingia kwenye tovuti ya shirika uangalie ratiba tena. Mabadiliko ya dakika 50 hutumwa kwa barua pepe ya wakala aliyekukatia tiketi, na wakala yuko Mtwara amelala.

Siku ya 9: kurudi

Kuondoka saa 1:30 usiku ya Vietnam, kufika Doha saa 5:40 usiku. Tiketi inaonyesha 19:30 na 23:40, kama saa 4 na dakika 10. Ongeza zile saa 4 ulizotoa wakati wa kwenda: saa 8 na dakika 10. Upepo sasa uko usoni, ndiyo karibu saa nzima zaidi kwa kilomita zilezile.

Siku ya 10: Doha–Dar–Mtwara

Doha saa 8 usiku, Dar saa 1:45 asubuhi. Hapa kulala Dar si lazima. Ukiikosa ndege ya Mtwara kwenye safari ya kurudi, umepoteza tiketi moja ya ndani, nawe uko nchini kwako. Acha saa 4 kati ya ndege mbili, zinatosha uhamiaji, mkanda wa mizigo, forodha na kuhama jengo.

Tatizo la kurudi ni mizani. Umetoka Vietnam na ruhusa ya kilo 46, ndege ya Mtwara inakuruhusu 20 au 23 kulingana na tiketi. Zilizozidi zinalipiwa kwa kilo, na hata ukilipa, pangaboi iliyojaa siku ya joto inaweza kuziacha, kwa sababu uzito wa kuruka una kikomo na abiria hutangulizwa kuliko mabegi. Bora mashine na nguo nzito zipelekwe Mbagala zipande basi la Kusini, ulipe kwa kifurushi, uchukue risiti yenye namba ya gari.

Safari hii dirisha la kulia ndilo lenye delta ya Rufiji. Ukifika, simama kwenye mizigo mpaka mkokoteni wa mwisho umalize. Begi lisipokuja, usiondoke na ahadi ya mdomo: toa kipande cha lebo ulichopewa Dar, waandike ripoti yenye namba, na uweke namba ya simu inayopatikana. Kwa kawaida linakuja na ndege inayofuata, kesho yake, na itabidi ulifuate mwenyewe kwa bajaji.